Suala la Kukarabati Vifaru Katika Hali ya Upungufu wa Fedha

Katika madarasa yetu ya siasa suala la ulinzi huzungumzwa zaidi kwa upande wa uzalendo, nidhamu na uhusiano wa jeshi na umma, na mara chache sana kwa upande wa chuma. Matokeo yake ni kwamba kada anaweza kueleza vizuri kabisa kwa nini Taifa lilindwe, lakini akiulizwa kwa nini fedha kidogo zilizopo zielekezwe kwenye injini badala ya mzinga, hana la kusema. Huwaachia wataalamu. Na wataalamu nao, kwa kuwa hakuna aliyewauliza, huamua peke yao jambo ambalo kwa asili yake ni la kisiasa, yaani jinsi ya kugawa kilicho kidogo.

Katika semina moja niliyoiendesha wanafunzi wawili walibishana juu ya jambo hili mpaka kipindi kikaisha. Wa kwanza alisema kwamba kifaru cha miaka sitini iliyopita ni chuma chakavu, na kwamba nchi yenye mfuko mdogo ingekuwa heri inunue vifaru kumi vipya kuliko kubaki na mia moja vya zamani. Wa pili akamjibu kwamba kifaru ni kifaru, kinachopigana ni moyo wa askari aliyemo ndani. Niliona wote wawili wanazungumza juu ya kitu ambacho hawajakifungua wakakitazama. Makala haya yanakusudia kukifungua. Nitachukua mfano mmoja mkubwa, wa kifaru cha Kiingereza kiitwacho Centurion, kwa sababu historia yake inaonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko hoja zozote za nadharia, na kwa sababu sehemu ya historia hiyo ilipita katika ardhi ya Afrika.

Kwanza yafaa tuelewe chombo chenyewe. Kifaru ni mapatano magumu baina ya mambo matatu: uwezo wa kupiga, ulinzi wa watu waliomo, na mwendo. Mambo haya hayapatani kwa hiari. Ukitaka ulinzi zaidi huna budi kuongeza chuma. Chuma ni uzito. Uzito unadai injini yenye nguvu zaidi. Injini kubwa inadai nafasi, mafuta na giaboksi imara. Nafasi hiyo nayo lazima izungushiwe chuma cha kuilinda, na uzito unapanda tena. Mgongano huu haumalizwi na mhandisi yeyote. Unatulizwa tu kwa muda, na kila kizazi cha vita huuamsha upya.

Wale wasiopenda mifano ya vita watazame lori. Chuo kimoja nilichopata kufundisha kilikuwa na lori kuukuu ambalo injini yake ilikufa. Mkuu wa usafirishaji akapata kwa bei nafuu injini kubwa zaidi kutoka lori lililopinduka, akaifunga, na kwa wiki kadhaa sote tulimsifu kwa jinsi lori lilivyokuwa linapanda milima. Halafu giaboksi ikasagika. Ikanunuliwa giaboksi, ikakatika shafti. Iliponunuliwa shafti, breki zikawa hazitoshi kwa mwendo ule mpya. Mwisho wa mwaka tulikuwa tumetumia fedha nyingi kuliko bei ya injini ya asili, na kuni za jikoni zilikuwa zinaletwa kwa mkokoteni. Kosa halikuwa kukarabati. Kosa lilikuwa kudhani kwamba chombo ni rundo la sehemu, na si mfumo wa mahusiano.

Gamba moja, mabwana watatu

Centurion vya kwanza vilipelekwa Ulaya bara kwa majaribio mwezi Mei 1945, vita vikiwa vimekwisha. Kwa hiyo kifaru hiki kilizaliwa kimechelewa, na labda hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake, maana waliokibuni walikuwa wamekwisha kujifunza makosa yote ya vita vile. Kilikuwa na uzito wa tani 50 na ushei, injini ya petroli ya nguvu farasi 650 iliyotokana na injini ya ndege za kivita, na bamba la mbele lililolazwa kwa mshazari. Lakini jambo lililokuja kuwa na maana kubwa kuliko yote halikutangazwa na mtu: mnara wake wa mzinga na tumbo lake vilikuwa na nafasi ya ziada. Kwa tajiri, nafasi hiyo ni upotevu. Kwa maskini, ni akiba ya miaka arobaini.

Umuhimu wa nafasi hiyo ulionekana upesi. Mwezi Novemba 1956, wakati wa machafuko ya Hungaria, kifaru cha Kisovieti cha aina ya T-54 kiliingizwa katika viwanja vya ubalozi wa Uingereza mjini Budapest, na maofisa wa Kiingereza wakapata nafasi fupi ya kukichunguza. Waliyoyaona yaliwatia wasiwasi: mzinga wa milimita 100 ndani ya kifaru cha tani 36 tu, chenye umbo la chini na bamba la mbele ambalo mzinga wao wenyewe ungepata taabu kulitoboa. Jibu lao lilikuwa mzinga wa milimita 105, unaojulikana kwa jina la L7. Hapa ndipo pa kutia mkazo. Mzinga huo ulibuniwa makusudi uweze kukaa katika vishikizo vya mzinga wa zamani wa Centurion, bila kutengeneza mnara mpya. Kifaru kilekile kiliingia karakana na silaha ya mwaka 1948 kikatoka na silaha ambayo baadaye Wamarekani, Wajerumani wa Magharibi na wengine wengi waliichukua iwe yao. Uamuzi wa bei nafuu kuliko yote katika historia hii yote ulifanywa kwenye ubao wa kuchorea, kabla chuma hakijakatwa.

Bwana wa pili alikuwa Israeli, iliyoanza kupata Centurion mwaka 1959. Mtu angetegemea kwamba jeshi lile lilifurahi. Halikufurahi hata kidogo. Askari walivichukia vifaru hivyo; injini za petroli zilisongwa na vumbi, zikachemka, na petroli yenyewe ilikuwa hatari ya moto kwa waliomo. Mwezi Novemba 1964, katika mapambano ya mpakani na Siria mahali paitwapo Nukheila, Centurion vilifyatua risasi nyingi na vifaru vya zamani vya upande wa pili vikaondoka salama. Jenerali Israel Tal, aliyekuwa ndio kwanza ameshika uongozi wa kikosi cha deraya, hakuagiza mzinga mpya wala kifaru kipya. Alirudisha nidhamu ya matengenezo, akadai wapiga mizinga wajue masafa na shabaha kwa moyo, na kila mtu afuate orodha ya ukaguzi bila kuruka hatua. Katika wiki chache chuma kilekile kilianza kupiga.

Rafiki yetu wa pili, yule wa “moyo wa askari”, atashangilia hapa. Lakini asishangilie mapema. Nidhamu ilitoa kutoka katika Centurion kila kilichokuwamo. Haikuweza kutoa kisichokuwamo. Hakuna orodha ya ukaguzi inayogeuza petroli kuwa dizeli. Kwa hiyo kufikia mwaka 1970 Waisraeli walikuwa wamekwisha kuanza kuingiza jeshini Centurion iliyofunguliwa mgongo. Injini ya petroli iling'olewa ikawekwa injini ya dizeli ya Kimarekani ya nguvu farasi 750, inayopozwa kwa hewa. Giaboksi ya mkono iliyokuwa ikiwachosha madereva ikabadilishwa kwa giaboksi ya kujiendesha. Sehemu ya nyuma ya gamba ikapanuliwa na kuinuliwa ili injini ienee. Matangi ya mafuta na mfumo wa kupoza hewa na breki vikarekebishwa kwa pamoja. Walikiita Sho't Kal.

Tazama vizuri jinsi walivyochagua. Injini ile na giaboksi ile ndizo zilizokuwa katika vifaru vya aina ya Patton walivyokuwa navyo tayari. Kwa hiyo bohari moja ya vipuri, kozi moja ya mafundi na aina moja ya mafuta vilihudumia vifaru vya asili mbili tofauti. Nguvu kwa kila tani ilipanda kutoka nguvu farasi kumi na mbili na nusu hivi hadi kama kumi na nne, ongezeko ambalo kwenye karatasi ni dogo. Lakini masafa ya kwenda bila kujaza mafuta yaliongezeka takriban maradufu, na kifaru kisichosimama njiani ni sawa na vifaru viwili vinavyosimama. Bamba la mbele halikuguswa sana, na mzinga ulikuwa uleule wa milimita 105.

Mwezi Oktoba 1973 vifaru hivi vilizuia mashambulizi ya Siria kwenye milima ya Golan, vikiwa vichache sana mbele ya vingi, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya aina ya T-55 na T-62, vilivyokuwa vipya kuliko Centurion. Sababu moja ilikuwa ya umbo: mzinga wa Centurion huweza kuinama nyuzi kumi chini ya usawa, wakati mzinga wa T-55 huinama nusu ya hapo au pungufu. Anayepigana nyuma ya tuta la mlima akiwa na mzinga unaoinama huonyesha kichwa tu. Mwenzake lazima apande mpaka tumbo lionekane. Hata hivyo usiku ulipoingia mizani iligeuka. Wasiria walikuwa na taa na darubini za mwanga usioonekana kwa macho, na Waisraeli karibu hawakuwa na kitu. Fedha zilikuwa zimekwenda kwenye injini na mzinga, na macho ya usiku yakasubiri bajeti nyingine. Watu walikufa katika pengo hilo la bajeti. Simsemi mtu aliyelipanga vibaya. Nasema tu kwamba kila anayepunguza fungu fulani anaamua, hata kama hajui, ni saa ngapi za siku adui atakuwa na nafuu.

Adui yetu naye alikarabati

Bwana wa tatu alikuwa utawala wa Makaburu. Baadhi ya ndugu huona vibaya kutumia kazi ya adui kama somo. Mimi siafiki. Nchi zilizo mstari wa mbele zililipa gharama kubwa sana kwa sababu ya vyombo hivi, na lisilo na busara ni kusahau vilikuwa vyombo gani.

Afrika Kusini ilinunua Centurion karibu 200 katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikauza takriban nusu yake kwa Uswisi. Wakubwa wa Pretoria walidhani kwamba vita vyao vitakuwa vya kuwafukuza wapigania uhuru wenye bunduki, na kwa kazi hiyo magari mepesi ya magurudumu yalitosha. Mwaka 1963 Baraza la Usalama likazitaka nchi zote ziache kuwauzia silaha, na tarehe 4 Novemba 1977, kwa azimio namba 418, wito huo ukawa amri ya lazima. Katikati ya miaka hiyo miwili walivamia Angola, mwaka 1975, wakakutana na majeshi ya Angola na Kuba, na ndipo walipotambua kwamba wameuza walichokuwa wanakihitaji.

Kwa kuwa hawakuweza kununua kifaru kipya hadharani, walibaki na gamba la Centurion. Mwaka 1974 walikuwa wamekwisha kubadilisha injini katika baadhi ya vifaru, wakaweka nyingine ya petroli yenye nguvu zaidi. Ulikuwa uamuzi wa nusu njia, kama lori la chuo chetu, na haukudumu. Kufikia mwisho wa muongo ule walirudi karakana wakaweka dizeli ya nguvu farasi 750, na kukiita kifaru hicho Olifant, maana yake tembo. Katika miaka ya 1980 likafuata toleo lenye mzinga wa milimita 105. Magamba waliyopungukiwa waliyatafuta kwa njia za mzunguko katika nchi zilizokuwa zinaviacha Centurion vyao. Ni sahihi kusema kwamba vikwazo viliwafundisha kujitegemea, na wapo wanaosema hivyo kwa kuwasifu. Lakini hesabu kamili ina upande wa pili: kila kilichojitegemea kilipatikana kwa bei ghali na kwa kuchelewa, na mahali vikwazo vilipobana kwelikweli, hasa katika ndege za kisasa, hapakuwa na karakana ya kuokoa.

Hilo lilidhihirika Cuito Cuanavale. Mwezi Novemba 1987 Olifant vilipambana na vifaru vya Angola kwa mara ya kwanza, na katika mapambano ya uwanda wazi vilionyesha ubora wa mzinga wao na mafunzo ya wapigaji. Wakati huohuo ndege za MiG-23 za Angola na Kuba zilikuwa zimewanyang'anya Makaburu utawala wa anga, kwa hiyo mizinga na vifaru vyao vililazimika kujificha mchana. Walipotaka kuimaliza ngome ya mashariki ya mto, mahali paitwapo Tumpo, walishambulia mara kadhaa bila kufanikiwa. Tarehe 23 Machi 1988 waliingia katika uwanja wa mabomu ya ardhini chini ya mizinga ya upande wa pili. Wakarudi nyuma wakiacha Olifant vitatu, na kimoja kiliangukia mikononi mwa majeshi ya Angola na Kuba. Kazi yote ya karakana, injini, giaboksi, mzinga, leza ya kupimia masafa, ilisimamishwa na bomu linalokata mnyororo. Mwezi Desemba mwaka uleule mkataba ulitiwa saini mjini New York, na tarehe 21 Machi 1990 Namibia ikawa huru.

Kinyume cha Centurion

Sasa tuje kwa T-55, ambayo inatuhusu zaidi kwa damu, maana vifaru vya Type 59 ambavyo nchi yetu ilivipata kutoka China vina asili moja nayo: Type 59 ni T-54 iliyotengenezwa China kwa ruhusa ya Wasovieti. Ukikifananisha na Centurion utaona kifaru cha falsafa nyingine. Ni kidogo, kifupi, chepesi, cha dizeli tangu kuzaliwa kwake, na kinaweza kutengenezwa kwa maelfu. Nguvu farasi 580 kwa tani 36 ni nguvu farasi 16 kwa kila tani. Hakihitaji huruma ya mtu kwa upande wa mwendo. Hata uzito wake mdogo ni fadhila ambayo watu wa mijini hawaithamini. Mwezi Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovunja daraja la Kyaka, zana zetu nzito zilihitaji daraja la muda ili zivuke mto Kagera, na kila tani ya ziada ingekuwa swali jingine kwa wahandisi waliokuwa ukingoni.

Upungufu wa T-55 ni kwamba ndani hamna nafasi. Kila kilichobanwa na mbunifu wa kwanza humrudia mkarabati kama deni. Wasovieti wenyewe, katika miaka ya 1980, walipoamua kuvifufua, waliongeza mabamba ya ziada mbele ya mnara, kifaa cha leza cha kupimia masafa, na injini iliyoongezwa nguvu hadi nguvu farasi 620. Uzito ulipanda hadi tani 40 hivi, na nguvu kwa kila tani ikashuka chini ya ilivyokuwa mwanzo. Kifaru kilipata macho na ngozi, kikapoteza kidogo miguu.

Ukarabati wa T-55 ninaouona wa akili kuliko wote haukuvifanya vifaru kabisa. Israeli ilikuwa imeteka T-54 na T-55 nyingi katika vita vya 1967 na 1973. Badala ya kung'ang'ana na minara yao yenye kubana, katika miaka ya 1980 waliing'oa. Gamba lililobaki likaongezwa mabamba mazito, likawekewa injini ya Kimarekani ya dizeli iliyowekwa kwa ubavu ili upande mmoja upatikane ujia wa kutokea nyuma, na likawa gari la kubeba askari saba wa miguu, la tani 44, liitwalo Achzarit. Magari ya kubebea askari yaliyokuwepo, hasa M113 ya Kimarekani ya aluminiamu, yalikuwa yanatobolewa kirahisi na maroketi ya mkononi. Wakarabati wale walijiuliza swali tofauti na wenzao. Hawakuuliza “tufanyeje kifaru hiki kiwe kipya?” Waliuliza “ni nani anayekufa sana, na kitu gani tulicho nacho kinaweza kumfunika?”

Nchi tajiri na tamaa ya kuanza upya

Yule mwanafunzi wa kwanza, wa vifaru kumi vipya, naye anastahili jibu, na jibu lake liko Marekani. Hapo hapakuwa na upungufu wa fedha kwa maana tunayoijua sisi. Mwaka 1999 uongozi wa jeshi la nchi kavu ulitangaza kwamba utaachana na vifaru vizito na kuunda familia nzima ya magari mapya yenye kuunganishwa na mawasiliano, mepesi kiasi cha kubebwa na ndege ya C-130. Uzito ulikusudiwa usizidi tani 20. Ulinzi ambao chuma kisingeutoa ungetolewa na taarifa: gari lingemwona adui kwanza na kumpiga kwanza. Halafu vikaja vita vya Iraki, ambako adui hakuwa kifaru cha mbali bali bomu lililozikwa barabarani, na hilo halionekani na mtambo wowote. Uzito wa magari yale kwenye michoro ukaanza kupanda mwaka hadi mwaka, ndege ikayashinda, na mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi Robert Gates akayafuta. Mabilioni ya dola yalikuwa yamekwisha tumika, na hakuna hata kikosi kimoja kilichopata gari la kupigania.

Wakaanza tena mwaka 2010 na gari jipya la askari wa miguu. Safari hii somo la mabomu lilizingatiwa mno, mpaka makadirio ya uzito yalifika hadi tani 84 za Kimarekani, yaani gari la kubeba askari lililo zito kuliko kifaru cha Abrams. Sheria ya kubana bajeti ya mwaka 2011 ilipoanza kuuma, mpango huo nao ukafutwa mwaka 2014. Gari jepesi zaidi lililokusudiwa kuwasaidia askari wa miguu, M10 Booker, lilifika vikosini kwa idadi ndogo, likakutwa na tatizo ambalo fundi yeyote wa barabara angelitabiri: madaraja ya kambi moja iliyopangiwa kuyapokea hayangehimili uzito wake. Likafutwa mwaka 2025.

Na muda wote huo jeshi hilo lilipigana na nini? Na Abrams iliyoingia kazini mwaka 1980, na Bradley ya mwaka 1981, zikifunguliwa na kufungwa tena kiwandani, kila mara na darubini mpya, mabamba mapya, nyaya mpya. M113, iliyoingia kazini mwaka 1960, ilipatiwa mrithi katika mkataba wa Desemba 2014, na mrithi huyo ni gamba la Bradley lililoondolewa mnara. Kwa maneno mengine tajiri alipokwisha kuzunguka dunia yote ya mambo mapya alirudi kwenye uamuzi ambao Israeli ilikwisha kuufanya kwa T-55 ya kuteka.

Kuna sababu ya ndani ya jambo hili, na si uzembe wa watu fulani tu. Chombo kipya hubuniwa kwa vita vinavyotarajiwa, na huchukua miaka kumi hadi ishirini kukamilika, wakati vita vyenyewe hubadilika kila miaka mitano. Chombo cha zamani hakina ndoto. Makosa yake yote yamekwisha julikana, na fundi anajua ni bolti gani hulegea. Upande wa pili, chombo cha zamani kina ukomo ambao fedha hazivuki. Umbo lake halibadiliki. Mahali risasi zinapohifadhiwa hapabadiliki. Katika T-55 sehemu ya risasi za mzinga imekaa ubavuni mwa dereva pamoja na mafuta, na hakuna leza wala bamba la kupachika litakalozihamisha.

Yasiyoandikwa kwenye mkataba

Nchi changa inapoletewa pendekezo la ukarabati, kinachowekwa mezani huwa ni picha ya mnara uliopakwa rangi mpya na bei ya kila kifaru. Kada anayeketi katika kikao cha namna hiyo aulize mambo ambayo si ya picha. Vipuri vya injini mpya vitatoka wapi, na vitalipiwa kwa fedha gani? Leza ikifa, itafunguliwa na fundi wa hapa au itasafirishwa kwa ndege hadi kiwandani na kurudi baada ya miezi minane? Risasi za milimita 105 zina bei gani, na kila mpiga mzinga atapiga ngapi kwa mwaka? Maana kifaa cha kulenga cha thamani kubwa mkononi mwa mtu anayepiga risasi mbili kwa mwaka ni pambo. Ningependelea kwa moyo wangu wote vifaru vilivyobaki na mzinga wa zamani lakini vinavyofanya mazoezi kila mwezi, kuliko vilivyobadilishwa kila kitu vikafungiwa banda kusubiri gwaride.

Na kama nilazimishwe kupanga, ningepanga hivi: kwanza kuwaka na kufika, yaani injini, giaboksi, minyororo, chujio la hewa, kisha kuona, hasa usiku, kisha redio, halafu ulinzi wa waliomo dhidi ya moto, ambao mara nyingi ni wa gharama ndogo kuliko mabamba, mzinga mpya mwisho. Najua maofisa wa mizinga hawatakubaliana nami. Mpangilio wa viwanda vinavyouza ukarabati ni kinyume cha huu, kwa sababu mzinga huonekana na chujio la hewa halionekani.

Mfano wa karibuni wa kazi iliyofanywa kwa kadiri ni wa Slovenia. Baada ya kupata uhuru mwaka 1991, nchi hiyo ndogo ilijikuta na T-55 za Yugoslavia. Ilivikarabati 30 tu, kazi ikakamilika mwaka 1999: mzinga wa milimita 105, mtambo wa kulengea, vipande vya baruti vya kinga juu ya mabamba. Vilikaa kazini, kisha akiba. Mwezi Oktoba 2022 vifaru 28 kati ya hivyo vilitolewa kwa Ukraine, na Ujerumani ikailipa Slovenia kwa malori 40. Gamba lililobuniwa baada tu ya Vita Kuu ya Pili lilienda tena vitani.

Huko Ukraine upande wa Urusi nao ulitoa maghalani T-62, na mwaka 2023 hata T-54 na T-55. Vingi havikupelekwa kupambana na vifaru vingine. Vilitumika nyuma kidogo, kupiga kwa mbali kama mizinga ya kawaida, kazi ambayo bamba jembamba haliiharibu sana. Lakini vita hivyo vilileta tatizo ambalo hakuna karakana ya Centurion iliyolijua. Droni ndogo ya thamani ya mamia ya dola, yenye bomu la roketi lililofungwa kwa waya na gundi, inaweza kuingia juu ya mnara au nyuma kwenye injini, mahali ambapo vifaru vyote duniani, vya tajiri na vya maskini, vina chuma chembamba. Mgongano wa kale umerudi kwa sura nyingine: bamba la mbele ambalo vizazi vitatu vya wahandisi vililiongeza halitazamani tena na upande hatari unakotokea.

Jibu la kwanza halikutoka kiwandani. Lilitoka kwa askari wenyewe, waliochomelea nondo na wavu juu ya minara, na baadaye viwanda vikawaiga. Kufikia Aprili 2024 baadhi ya vikosi vya Urusi vilikuwa vimekwenda mbali zaidi, vikafunika kifaru kizima kwa banda la mabati na vyuma, likaachwa tundu la mbele tu. Askari wa Ukraine waliviita kobe. Droni kadhaa zilipasuka juu ya bati bila kufika kwenye chuma. Lakini dereva aliona kidogo sana, mnara haukuweza kugeuka, na mzinga ulibaki umetazama mbele upande mmoja tu, kwa hiyo kazi iliyobaki kwa kifaru hicho ilikuwa kusukuma vyombo vya kufagia mabomu ya ardhini mbele ya wenzake.